Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Amepona Paje?



Leo nina la moyoni na sitalizunguka. Pwani yetu ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje mpaka Jambiani, imepata wageni wa aina mpya. Si watalii wa wiki moja. Wanakuja na laptopu, wanakodi chumba miezi miwili mitatu. Asubuhi wanakaa kwenye ukumbi wenye meza, feni na intaneti ya kasi, wakifanya kazi za kampuni za Berlin au London. Jioni wanaingia baharini na kaiti zao. Mshahara unaingia benki ya kwao. Kwetu wanatafuta utulivu, bahari na bei nafuu.

Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe niko London na kazi yangu ni ya kompyuta. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaouza utulivu huo kama hauna mwenyewe.

Tuanze na viza. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 kwa siku zisizozidi 90, na ni ya matembezi, si ya kazi. Anayeingia nayo kisha akafungua laptopu, nani anamuuliza? Linganisheni na Barbados, kisiwa kidogo kuliko Unguja. Tangu Julai 2020 wana kibali maalumu cha watu hawa: mwaka mmoja, dola 2,000 kwa mtu mmoja, na lazima kipato chake kifike dola 50,000 kwa mwaka. Wenzetu wamejua thamani yao!

Na sisi tuliozaliwa hapo? Tanzania hairuhusu uraia pacha, na mimi nina pasi ya Uingereza. Mwaka 2023 nilipokwenda kwenye msiba wa mama yangu, nilipanga foleni moja na kijana aliyekuja kuteleza na kaiti. Tukalipa dola 50 sawasawa. Yeye alikuwa akicheka, mimi nalia.

Tuje kwenye maji. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti iliyochunguza Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Matumizi ya wenyeji yalikuwa wastani wa lita 93 kwa siku; chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, zaidi ya lita 3,000. Hapo hawa wa laptopu walikuwa bado hawajaanza kumiminika. Na baharini, kina mama waliolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 leo wanagombania maji na kaiti.

Najua nitajibiwa: mgeni anakodi nyumba, ananunua samaki, anapanda bodaboda. Kweli. Lakini kodi ya nyumba ikipanda kwa kipimo cha mshahara wa Ulaya, mwalimu wa skuli ya Jambiani atalala wapi? Na samaki akipelekwa kwanza mkahawani, mama wa kijijini atapika nini?

Linaloniuma zaidi ni hili. Kazi ya laptopu haihitaji bandari wala kiwanda. Inahitaji meza, umeme, intaneti na ujuzi. Vitatu vya kwanza vimeshafika kijijini. Ujuzi tunao pia: SUZA inatoa wahitimu wa kompyuta. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar kuvutia kampuni za teknolojia. Haya, kwenye kumbi zile kijana wetu ameketi mezani, au amebeba trei?

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, kibali maalumu chenye ada ya maana, na sehemu ya ada irudi kwenye shehia husika kwa maji na skuli, kwa hesabu zinazobandikwa ukutani. Pili, kila ukumbi upewe leseni kwa sharti la kutenga meza za bure kwa vijana wa kijiji. Tatu, na hili ni letu sisi tulio nje: tunatuma pesa za Idi, hatutumi kazi. Wangapi kati yetu wana kampuni au wakubwa wanaotafuta watu wa kompyuta, na hatujawahi kutaja jina la kijana mmoja wa Makunduchi?

Mgeni njoo, ndiyo. Lakini wahenga hawakuishia hapo. Kama nimekosea, nikosoeni kwa hoja, si kwa matusi.

Naomba kuwasilisha.