Tusingoje Okutoyi atinge fainali ndipo tujue kuna tenisi Nairobi

Shabiki wa soka nchini hahitaji kufunzwa jinsi ya kufuata timu ya nyumbani. Tunajua kuabiri matatu usiku kutoka Kakamega kuja kuona Ingwe wakitoka sare tasa Nyayo, na wikendi inayofuata tunarudi. Hatuulizi kwanza kama watashinda. Lakini mchezo ukiwa wa raketi tunageuka mahakimu. Binti wa Kenya akichapwa 6-1, 6-2 katika raundi ya kwanza, utasikia, "Kwani huyu alienda kufanya nini huko?" Na anayeuliza hivyo timu yake haijashinda ugenini tangu msimu uanze.

Mashindano ninayozungumzia ni yale ya ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa, yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa, ITF. Kwa wanawake yanaitwa W15, W35, W50 na kuendelea hadi W100, na nambari hiyo ndiyo pointi anazovuna bingwa. Nairobi imekuwa ikiandaa W35 miaka hii ya karibuni. Bingwa wa Wimbledon anaondoka na pointi 2,000, wa Nairobi 35. Kwa lugha yetu, hii ni NSL ya tenisi.

Na mifuko ni ya NSL pia. Katika W15 zawadi yote ni dola 15,000, na hizo zinagawanywa kwa wachezaji wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200. Toa nauli, toa hoteli, toa nyuzi za raketi, uone kama kuna kinachobaki cha kumlipa kocha. Wengi husafiri bila kocha.

Sasa mtu aniulize pointi 35 zina maana gani. Nitamjibu kwa jina moja: Angella Okutoyi. Machi 2024 alishinda dhahabu ya tenisi kwa wanawake katika Michezo ya Afrika kule Accra. Ushindi huo ungempeleka Olimpiki ya Paris, ila kulikuwa na sharti kwamba awe ndani ya 400 bora duniani kufikia Juni mwaka huo. Hakuwa. Dhahabu ya bara anayo, Paris akaiona kwenye runinga kama mimi na wewe. Hakukosa kipaji. Alikosa pointi, na pointi zenyewe ni hizi hizi za W15 na W35 ambazo tunazidharau.

Zinapatikana wapi? Monastir kule Tunisia, ambako karibu kila wiki ya mwaka kuna mashindano. Sharm El Sheikh, Misri. Antalya, Uturuki. Mhispania au Mfaransa anaweza kupanda gari moshi Jumamosi, acheze mchujo Jumapili na akipigwa arudi kwao kwa chakula cha jioni. Mkenya anakata tiketi ya ndege, na akipigwa Jumapili anabaki huko kungoja wiki nyingine kwa sababu kurudi ni ghali kuliko kukaa. Hivyo basi wiki moja ya W35 Nairobi ndiyo pointi za bei nafuu kuliko zote atakazozipigania mwaka mzima. Analala kwao, anakula ugali wa kwao.

Isitoshe, hewa ni ya kwao. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira unaruka kwa kasi huku. Mgeni aliyezoea pwani ya Tunisia anapiga mkwaju aliouzoea na mpira unatua nje. Anahitaji siku kadhaa kuurekebisha mkono wake. Siku hizo ndizo za mchujo na raundi ya kwanza, wakati mwenyeji ana nafasi nzuri zaidi ya kumduwaza. Ndizo pia siku ambazo viti ni vitupu.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kwetu mashabiki. Tunakuja Jumamosi na Jumapili ya mwisho, tena kama Okutoyi bado yumo. Akibanduliwa Jumatano, Alhamisi uwanja umebaki na wazazi na madereva. Agosti 2025 tulifurika Kasarani wakati wa CHAN. Harambee Stars, wakiwa wachezaji kumi tu, waliichapa Morocco 1-0, Morocco hiyo hiyo iliyokuja kutwaa kombe. Nani atasema zile kelele hazikusaidia? Hatukungoja nusu fainali ndipo twende. Tulikuwepo tangu mechi ya DR Congo.

Katika siku hizo hizo za Agosti, kule Montreal kulikuwa na jambo ambalo wengi wetu halikutufikia. Binti wa Kanada, Victoria Mboko, mwenye umri wa miaka 18, alimpiga Naomi Osaka fainali na kutwaa taji la Canadian Open, mbele ya watu wa kwao. Aliingia kwa nafasi ya mwaliko. Njiani alikuwa ameshawabandua Coco Gauff na Elena Rybakina. Mwaka huo aliuanza akiwa nje ya 300 bora, akishinda mataji ya W35 huko Guadeloupe na Martinique. W35, ngazi ile ile ya Nairobi!

Na kama hilo halikutoshi, hebu turudi Wimbledon 2022, fainali ya wasichana chipukizi wawili wawili. Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda 3-6, 6-4, 11-9. Waliowashinda ni Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Ndiyo, huyo huyo. Sisemi Okutoyi angekuwa Mboko leo, tenisi haina hesabu rahisi hivyo, na yeye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, mwaka 2023 (uamuzi ambao wengi waliukosoa na mimi nauona wa busara: kuna kocha, kuna viwanja na hakuna bili ya hoteli). Ninachosema ni kwamba siku ile walitenganishwa na pointi mbili, na baada ya hapo mmoja alikuwa na nchi inayoandaa mashindano kila kona.

Lawama si zetu peke yetu. Tenisi ya Nairobi inachezewa ndani ya klabu za wanachama, kama Nairobi Club na Karen Country Club, na langoni kuna askari. Katika klabu moja niliwahi kuulizwa, "Wewe ni mgeni wa nani?" Nilikuwa nimekuja kuripoti. Shabiki aliyetoka Kayole na jezi yake ya K'Ogalo akiulizwa hivyo anageuza na kwenda zake, na hatarudi. Wanaoandaa wabandike ratiba ya kila siku mahali watu wanapoiona, na waseme waziwazi kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kutazama.

Kuna na hili la nafasi za mwaliko. Wenyeji wanapewa nne katika droo ya wachezaji 32. Kwangu mimi zote nne ni za Wakenya, na angalau mbili zipiganiwe na walio chini ya miaka 18, kwa mechi za kuamua, wiki moja kabla. Najua wapo watakaopigwa 6-0, 6-0. Na wapigwe. Afadhali wapigiwe nyumbani bila nauli kuliko Monastir.

Wiki moja au mbili kwa mwaka nazo hazitoshi. Kigali tangu 2024 inaandaa Challenger za wanaume, ngazi iliyo juu ya hizi za ITF. Burundi imemtoa Sada Nahimana, ambaye amewahi kuwa ndani ya 250 bora duniani. Sisi tuliomtoa Paul Wekesa, aliyefika nambari 100 miaka ya tisini, hatupaswi kuwa tunahesabu mashindano yetu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa asiyewahi kwenda, mambo ni machache. Vuvuzela acha nyumbani. Mpira ukiwa unachezwa, kimya; ukikufa, piga makofi utakavyo na uite jina la mtu wako, hakuna atakayekufukuza. Matokeo yanasomeka moja kwa moja kwenye simu kupitia tovuti ya ITF, bure. Usikimbilie uwanja mkuu. Nenda zile korti za pembeni saa nne asubuhi, ambako unakaa hatua tatu kutoka kwa mchezaji na unamsikia akijisemesha kwa Kiswahili baada ya kukosea. Watazame na wale wa wawili wawili, maana hata taji la Wimbledon lilitokea huko.

Mechi za mchujo huanza kabla ya wiki yenyewe kushika kasi. Anza nazo.