Ufito wa besi haupimwi kwa bei

Nakuru ina ziwa lake, lakini limo katika hifadhi ya taifa na si mahali pa kutupa ndoana. Ndiyo maana mkaazi wa mji huo anayependa kuvua kwa mshipi hushuka hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 70 hivi, kumtafuta besi, samaki mwenye mdomo mpana na hasira nyingi. Kuhusu chambo atakuwa ameshauriwa na kila mtu. Kuhusu ufito, mshauri wake mara nyingi ni muuzaji peke yake, anayemkabidhi ule mweusi, mwembamba na mwepesi, huku akimwambia, "Hii ni kaboni tupu, mkubwa."

Kwa anayevua kwa visamaki bandia, sifa hiyo ingefaa kumtia shaka. Kisamaki bandia ni kile chambo cha mbao au plastiki chenye kiulimi mbele. Kikivutwa, kiulimi hukizamisha na kukitikisa kama samaki anayekimbia. Chini yake huning'inia ndoana mbili, kila moja ikiwa na meno matatu. Ufito mgumu wa bei ya juu unaweza kukirusha vizuri sana, kisha ukampotezea mvuvi samaki aliyekwisha kunaswa.

Kosa huanzia mdomoni mwa besi. Samaki huyu hafungui mdomo akauma kwa utaratibu. Huupanua ghafla na kuvuta maji na chambo pamoja. Ufito usiopinda hujibu papo hapo, na kisamaki huchomoka kabla mdomo haujafumbwa. Hata akinaswa, meno yale madogo mara nyingi hushika ngozi nyembamba ya kando ya mdomo. Besi naye ana desturi ya kuruka juu ya maji akitikisa kichwa. Kila mtikiso unaogongana na ufito mgumu huipanua tundu ya ndoana, na kwa mruko wa pili au wa tatu mshipi hulegea ghafla. Ufito unaopinda kuanzia nchani hadi katikati huchelewa kidogo kujibu, halafu hufuata kichwa cha samaki kinakokwenda bila kuacha mshipi ulegee. Kuchelewa huko ndiko kunakofaa kulipiwa.

Fito za namna hiyo zilianza zamani. Kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kuuza fito za nyuzi za kioo mwishoni mwa miaka ya 1940; ni nyuzi za jamii ile ile ambayo mafundi wa boti huiita faiba. Nyuzi za kaboni zilikuja baadaye, zikitokana na utafiti wa vyombo vya anga uliofanywa Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960. Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ikatoa ufito wa kaboni uliobadilisha soko lote. Ulikuwa mwepesi na mkali, na wavuvi wengi wakaitupa faiba. Rick Clunn hakuitupa. Mmarekani huyo ametwaa mara nne taji kubwa la uvuvi wa besi, Bassmaster Classic, na kwa miaka mingi ameshikilia kwamba visamaki bandia vinataka nyuzi za kioo. Na besi wa kilo 10 aliyeweka rekodi ya dunia alivuliwa Georgia na George Perry mwaka 1932, kwa kisamaki bandia, wakati hakuna aliyewahi kusikia habari za ufito wa kaboni.

Watetezi wa kaboni wana hoja moja ya kweli: kaboni hufikisha mkononi kila mtetemo wa chambo. Naivasha hoja hiyo ina uzito, kwa sababu maji yake si yale ya zamani. Besi mwenyewe ni mgeni aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kamba wekundu wa Louisiana wakafuata mwaka 1970, wakawa chakula chake kikubwa, na ndiyo sababu kisamaki cha rangi nyekundu ya udongo hakikosekani katika sanduku la mvuvi anayelijua ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia kapi, samaki wa mabwawa ya kufugia, kwa njia ya mto Malewa, na baada ya miaka michache akawa ndiye anayejaza mitumbwi ya wavuvi wa nyavu. Kapi hutafuta chakula kwa kufukua matope, na maji yakivurugika besi, anayewinda kwa macho, hupata taabu. Humo chambo chenye kishindo na mtikiso mkubwa kinasaidia, na mvuvi angependa kukihisi. Ila mkono unaohisi upesi ndio pia unaovuta upesi. Wengi wanaolalamika kwamba samaki "ameonja tu akaachia" huenda wamemnyang'anya chambo wenyewe.

Ziwa lenyewe linasaidia kuchagua. Ukiacha shimo la Crescent, Naivasha ni la kina kifupi, mita chache tu sehemu nyingi, kwa hiyo hakuna haja ya visamaki vizito vya kuzama mbali wala ufito wa kuvibeba. Ufito wa nguvu ya wastani, ulioandikwa juu ya mpini kwamba unarusha gramu 7 hadi 20, unatosha, pamoja na mshipi wa nailoni wa ratili 10 au 12. Tangu maji yapande, hata yakaingia mtaa wa Kihoto mwaka 2020, migunga mingi ya ufuoni imefia ndani ya ziwa. Besi hupenda kujibanza kwenye vigogo hivyo. Kiulimi cha kisamaki hugonga kigogo kwanza, kikakigeuza chambo na mara nyingi kuziepusha ndoana. Mvuvi mwenye ufito laini huchelewa kuvuta, na kuchelewa huko humpa kisamaki nafasi ya kujinasua.

Dukani, chupa ya maji ya nusu lita inafundisha zaidi ya kijitabu cha matangazo. Ifungwe kwenye ncha, ufito uinuliwe taratibu. Ukipinda nchani tu, shina likabaki limenyooka, huo si wa kazi hii. Upinde unaotakiwa unafika karibu katikati, tena bila kona ya ghafla. Kisha kipande cha pamba kipitishwe ndani ya kila pete; kikinasa, pete ina ufa, nayo itaukata mshipi. Urefu wa mita 2 hadi 2.1 unatosha kwa anayevua botini, na Naivasha kuvua botini ndiyo busara, kwa kuwa mafunjo ya ukingoni ni makao ya viboko. Ufito wa vipande viwili usidharauliwe. Wajuzi husema kiungo hukata upinde, lakini tofauti ni ndogo, na wajuzi hao hawapandi matatu ya Nakuru wakiwa na kijiti kirefu kuliko mlango.

Maandishi ya "kaboni asilimia 99" hayana budi kusomwa kwa utulivu. Yanataja kilichomo, hayasemi ufito unapinda wapi. Fito nyingi za bei nafuu duniani hutoka China, ambako mji wa Weihai umekuwa kitovu cha biashara hiyo, na humo hutoka fito nzuri na mbaya kwa bei isiyopishana sana. Anayelipa mara tatu kwa ajili ya jina huenda ananunua wepesi ambao kisamaki bandia hakiuhitaji.

Faiba tupu ina kasoro yake: ni nzito, na baada ya kurusha asubuhi nzima kifundo cha mkono hulalamika. Tena haifai kwa chambo laini kinachopenyezwa kwenye mafunjo, ambako samaki hung'olewa kwa nguvu na ambako ufito mgumu unastahili sifa zake zote. Kwa mwenye fedha za ufito mmoja tu, basi, ule uliochanganya faiba na kaboni unamfaa zaidi, na fedha inayobaki aiweke kwenye rili ya mwendo wa pole, inayokunja mara tano kwa kila mzunguko wa mkono.