Kanuni za kambi zimlinde mwanafunzi, si sifa ya shule

Likizo ya Agosti inapokaribia, walimu walezi wa vyama vya skauti, vya mazingira na vya wapanda milima huanza kuandaa safari za kambi. Barua hutumwa kwa wazazi, basi hukodishwa, mahema huazimwa kutoka shule jirani, na kanuni za kambi hupigwa chapa na kugawiwa wanafunzi. Ni kuhusu kanuni hizo ningependa kutoa maoni yangu, kwa maana naamini kwamba nyingi kati yazo huandikwa kwa kusudi lisilofaa.

Kwa miaka mingi nimeandamana na wanafunzi kambini, nami nimesoma karatasi nyingi za aina hii. Moja niliyoonyeshwa na mwalimu mwenzangu ilikuwa na kanuni 28. Mwanafunzi alikatazwa kuvaa nguo za kubana, kubeba simu, kuzungumza na wageni na kuonekana karibu na hema la jinsia nyingine baada ya saa moja jioni. Aliagizwa avae sare kamili akiwa ndani ya basi ili jina la shule lisiaibishwe njiani. Sisemi kwamba hayo ni mabaya. Lakini katika kanuni hizo zote hapakuwa na hata moja iliyoeleza hema lisipigwe mahali gani, moto uwashwe umbali gani na mahema, maji ya kunywa yatoke wapi, wala ni nani mwenye uwezo wa kusema kwamba mvua imekuja na sasa turudi nyumbani. Je, karatasi kama hiyo inamlinda mwanafunzi, ama inamlinda mwalimu mkuu dhidi ya maneno ya watu?

Kupiga kambi si jambo geni nchini. Chama cha skauti kilianza hapa Kenya mwaka 1910, miaka mitatu tu baada ya Robert Baden-Powell kuwapeleka wavulana kambini katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Mzee huyo alifariki mwaka 1941 na kaburi lake liko Nyeri, ambako skauti huzuru kila Februari. Na hata kabla yake, vijana wa jamii za wafugaji walilala malishoni na mifugo usiku baada ya usiku. Hawakuwa na karatasi iliyopigwa chapa, lakini kila mmoja alijua kwamba mtu halazi ubavu wake katika mkondo wa mto mkavu, na alijua ni kwa nini.

Hilo la mto ndilo ambalo ningetaka liwe la kwanza katika kila karatasi. Mwezi Aprili 2012, vijana saba waliokuwa katika matembezi ya kanisa walisombwa na maji wakafa katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019, watalii pamoja na kiongozi wao wakasombwa katika korongo lilo hilo. Aliyewahi kuteremka humo anajua jinsi kuta zinavyosimama wima huku na huku, na jinsi njia ilivyo nyembamba mahali pengine. Mvua yaweza kunyesha mbali juu vilimani, wakati walio chini wanaona kipande cha anga kisicho na wingu lolote. Maji hayo yote hukusanyika na kutafuta njia moja. Yanapofika huja kama ukuta, na aliye chini hana pa kukimbilia. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mwanafunzi asiteremke mvua inaponyesha. Yapasa aambiwe kwamba mvua inayoua ni ile asiyoiona, na kwamba maji yakibadilika rangi ghafla, au vijiti na majani yakianza kuelea, au mngurumo ukisikika kutoka juu, asisubiri ruhusa ya mtu. Apande mahali pa juu mara moja.

Mambo ni hayo hayo kwa mito ya msimu, ile ambayo wenzetu wa kaskazini huiita laga. Mchanga wake ni laini na umelala tambarare, nao humvutia mgeni anayetafuta pa kupiga hema. Mwaka 2024 mto Talek ulipofurika, kambi za watalii katika Maasai Mara zilifunikwa na maji na watu wakaokolewa kwa helikopta. Hizo ni kambi zenye wafanyakazi waliosomea kazi yao. Sembuse mwalimu mmoja wa jiografia mwenye wanafunzi 40 na tochi tatu!

Hatari ya pili haina kelele. Usiku wa Agosti katika nyanda za juu ni wa baridi kali, na si ajabu wanafunzi kuingiza jiko la makaa ndani ya hema, wakafunga mlango na kulala wakifurahia joto. Makaa yanayowaka mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa na kichwa, huhisi usingizi mzito, na huenda asiamke tena. Nimewahi kusoma kanuni iliyosema, "Hairuhusiwi kubeba majiko kutoka jikoni bila idhini." Mwanafunzi aliyeisoma alidhani shule inaogopa majiko yake yatapotea. Laiti angeambiwa sababu yenyewe, angelala katika baridi yake na kuomba blanketi la pili.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Kando ya ziwa Naivasha, kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo hema lisiwe kwenye njia zake, na mtu asitoke peke yake gizani. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali haraka. Choo kichimbwe mbali na mto, hatua 80 hivi, na maji ya kunywa yachemshwe hata yakionekana safi kama ya mvua.

Kuhusu Mlima Kenya sina budi kusema zaidi kidogo. Shule nyingi hutamani kufika kilele cha Lenana, ambacho kina urefu wa mita 4,985. Huko juu hewa ni nyepesi, na kijana mwenye afya na nguvu kama ndovu aweza kuugua kuliko mwenzake aliye mdhaifu. Shida ni kwamba wavulana wetu huficha maumivu ya kichwa na kichefuchefu ili wasiitwe waoga. Mgonjwa asipande zaidi, na hali yake ikizidi kuwa mbaya ateremshwe, hata kama ni usiku wa manane. Isitoshe, fomu ya idhini ya mzazi imuulize waziwazi kama mtoto ana pumu, kifafa au selimundu. Fomu nyingi nilizoziona huuliza tu kama mzazi amekubali na kama amelipa.

Wapo watakaosema kwamba nidhamu ndiyo msingi, na kwamba mwanafunzi mtiifu hapatwi na baya. Siafiki. Tulipata funzo chungu Bombolulu mwaka 1998 na Kyanguli mwaka 2001. Katika mabweni hayo kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma, mambo yanayokusudiwa kuwaweka wanafunzi mahali pao. Moto ulipotokea, vizuizi hivyo ndivyo vilivyowanyima njia ya kutokea. Kanuni ya kumdhibiti mtoto na kanuni ya kumwokoa si kitu kimoja, na wakati mwingine hupingana. Tangu 2008 Wizara ya Elimu imekuwa na mwongozo wa usalama shuleni. Kambini hakuna mlango wala bweni, na kila shule hujitungia kanuni kama ipendavyo.

Wapo pia wanaotaka safari hizi zipigwe marufuku kabisa. Hao nawaomba wafikirie watoto wetu wa mijini ambao hawajawahi kuwasha moto wa kuni wala kuona nyota zikijaa angani. Kambi humfunza kijana kupika, kuvumilia na kumjali mwenzake kwa siku nne kuliko tunavyoweza sisi darasani kwa muhula mzima.

Bali kuna jambo moja ambalo wanafunzi hawawezi kulirekebisha, nalo ni la pesa. Mwalimu akifika kambini akaona mto umejaa, anajua kwamba akirudi siku hiyo hiyo wazazi watadai karo ya safari, na mwalimu mkuu atamuuliza ni nani atakayelipa basi. Hivyo hujipa moyo, akapiga hema akiomba mvua ipungue. Bodi za shule ziandike kabla ya safari kwamba mlezi ana mamlaka kamili ya kuvunja kambi, na kwamba hatadaiwa hata shilingi moja kwa uamuzi huo. Wazazi nao watie sahihi chini ya maneno hayo.

Kwa wale watakaosafiri Agosti hii, kanuni na zipunguzwe zibaki kumi, kila moja ikifuatwa na sababu yake. Wanafunzi wakusanyike uwanjani siku ya kuondoka, zisomwe kwa sauti, kisha mwalimu achague watoto watatu au wanne bila mpangilio awaulize, si kanuni inasema nini, bali kwa nini iliwekwa. Wakishindwa, zisomwe tena huku dereva akingoja.