Fomu Inayolala Ununuzi

Hadi 2002, Rais Moi alikuwa chansela wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya. Mwaka 2003 mrithi wake, Rais Kibaki, akaachia wadhifa huo, na Joseph Wanjui akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hatua kubwa, ila iligusa paa tu. Chini, mkuu wa idara asiye na fungu lake la fedha akitaka taa ya projekta, fomu hupanda kwa mkuu wa kitivo, ikafika kwa mhasibu, ikalala ofisi ya ununuzi. Muhula unakwisha wanafunzi wakinakili ubaoni. Wapo wanaosema fedha zikishuka idarani zitaliwa. Huenda. Lakini madeni ya pensheni na kodi yanayovilemea vyuo hivyo hayakulimbikizwa idarani. Idara ipewe fungu dogo, mkaguzi aje baadaye na kutaka risiti.