Wapagazi wa Newala na Masasi hawakusahaulika kwa bahati mbaya

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa,

Anayesoma habari za vita vya 1914–1918 huku kusini hukutana na majemadari: Lettow-Vorbeck wa Wajerumani akipigana Mahiwa Oktoba 1917, kisha akivuka Ruvuma Novemba. Husoma pia jinsi Wareno walivyoitwaa Newala mwaka 1916, Wajerumani wakawazingira na kuwakatia maji hadi wakarudi ng'ambo. Kila anayeijua milima ya Makonde anajua maji yako bondeni, na kwamba hayapandi yenyewe. Aliyeyapandisha kichwani, pamoja na risasi na vipande vya bombomu, hatajwi.

Waingereza pekee waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao, ingawa wanunuzi wengi hawalijui hilo. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki.

Najua jibu la kwanza nikidai wakumbukwe: walitumikia wakoloni, heshima iende kwa mashujaa wa Majimaji. Lakini wengi wao walikamatwa vijijini, na waliotoroka mizigo, wakijua adhabu inayowangoja, walikataa utumwa huo kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Kumwita mtu wa namna hiyo kibaraka ni kumwadhibu mara ya pili.

Jibu la pili ni zito zaidi: majina yamepotea. Yalipotezwa. Baada ya vita watawala wa Tanganyika waliridhia makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Radhi hiyo inatupa haki ya kudai orodha za malipo na za vifo zilizosalia, ziletwe kwenu. Fedha? Kazi hii haihitaji mnara wa marumaru wakati vijiji vinasubiri mabomba.

Inahitaji daftari na kinasa sauti. Wajukuu wa wapagazi sasa ni wazee. Mtumeni mtu Newala, Kitangari na hapa Lisekese, na afike kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kuanguka hatamkuta mtu nyumbani.

Wako,
Mwandishi, Lisekese, Masasi