Damu ya Majengo na Deni la Kiswahili

Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake wa Majengo, Pumwani, waliojikimu kwa biashara ya ngono. Baadaye ilibainika kwamba wachache wao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI, ingawa walikabiliana navyo mara kwa mara. Habari zao zimeenea ulimwenguni, lakini aghalabu kwa Kiingereza.

Sehemu ya siri hiyo imo katika seli T saidizi, yaani chembe nyeupe za damu zinazoratibu kinga ya mwili. Seli hizi hupeleka amri kwa protini ziitwazo saitokini, na kila saitokini ina jeni yake. Seli inapopumzika, jeni hizo hufungwa: uzi wa DNA husokotwa na kubanwa kwenye protini za histoni. Seli ikiamshwa, protini ya T-bet husaidia kufungua jeni ya intaferoni gama, ilhali GATA3 hufungua ile ya intalukini 4. Mojawapo ikitawala, huidhoofisha nyingine. Virusi vya UKIMWI hustawi zaidi ndani ya seli iliyoamka. Seli za wanawake hao zilipochunguzwa, zilionekana kuwa tulivu zaidi, jeni nyingi zikifanya kazi kwa kiwango cha chini.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za elimu hii. Dai hilo halina mashiko. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni waandishi.

Upungufu huu una madhara. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wanawake hao waliambukizwa hatimaye, hasa baada ya kupumzika kazi hiyo kwa muda. Anayesikia kijuujuu kwamba kuna "damu isiyoshikika" anaweza kuacha kujikinga. Anayeelewa kwamba jeni hufunguka na kufungika hatadanganyika. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, alikutana na wanawake hao katika mabaraza ili kuwaelimisha. Hakungoja istilahi zikamilike.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kushirikiana na wenzao wa biolojia, waandike maelezo ya ukurasa mmoja, kisha wayasome Majengo kwenyewe. Wenyeji wasipoyaelewa, yaandikwe upya. Waliotoa damu yao wana haki ya kujua ilifunza nini.