Kikiibwa Kigango, Tuumie Sote

Ndugu zangu wa Pwani, msahafu ukichezewa, watu hujaa barabarani kabla jua halijatua. Msalaba ukivunjwa, makanisa hunguruma Jumapili nzima. Bendera ya Kenya ikikanyagwa, hata asiyeujua ubeti wa pili wa wimbo wa taifa hupandwa na mori. Sina ugomvi na hasira hizo. Apendaye huumia.

Lakini kigango kikiibwa kule Kaloleni au Magarini, nani kati yetu hukosa usingizi?

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, si pambo. Wagiriama humchongea mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, apate pa kukaa karibu na wanawe. Kikishasimikwa hakihamishwi; familia ikigura, chenyewe hubaki, kioze palepale. Hata hivyo, kwa miaka mingi vigango vimeng'olewa, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vikaishia sebuleni mwa matajiri na katika makumbusho ya Marekani. Mara nyingi waling'oa vijana wetu wenyewe, na tulipoambiwa tukajibu, "Si mizimu tu hiyo?" Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30 mwaka 2019; yale ya Jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023. Wa mbali wameona haya. Sisi majirani je?

Sheria haikubagua. Kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinalinda mahali pa ibada na kitu chochote ambacho kundi lolote la watu linakiona kitakatifu. Hakikuuliza kama kundi hilo lina kitabu, wala lina waumini wangapi.

Basi, sheikh wangu, wizi wa kigango nao uukemee katika hotuba ya Ijumaa. Mchungaji, waambie waliookoka kwamba wokovu si kibali cha kung'oa cha mwenzio. Muuza vinyago, ukiletewa kigango usikinunue; mwite chifu au Makumbusho ya Taifa. Nasi wana wa kaya, tunaoshika mila za wazee, msikiti au kanisa likinajisiwa, tufike mapema kusimama na wenyewe.

Hakuna anayewaomba mkiamini kigango. Mnaombwa jambo dogo zaidi: kiteteeni cha jirani kwa sauti ileile mnayotetea chenu, na mwanze kabla hajawaomba.